Nambari kamili ya prosesa iandikwe kwenye risiti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wasomaji wengi wa gazeti hili, lakini linawagharimu vijana wetu fedha walizozikusanya kwa tabu. Katika barua moja uliyoichapa hivi karibuni, msomaji mwenzangu aliwashauri vijana wanaocheza magemu kwenye kompyuta za mtumba kwamba mashine ikianza kukwamakwama dawa ni moja tu, nayo ni kutafuta prosesa (chipu inayokokotoa kazi zote za kompyuta) ya i7 na kuipachika. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na wanaoufuata ushauri wa namna hiyo huishia mezani kwangu. Sipingi kubadilisha prosesa, kwani ni kazi ninayoifanya na inayonilisha. Ninachokipinga ni kulichukua neno "i7" kana kwamba ni jina kamili la kitu, ilhali ni kipande tu cha jina, kinachotaja daraja lililo juu ya i5 na i3.

Miezi michache iliyopita alinijia kijana wa mtaa wa pili, aliyemaliza kidato cha sita na anayejipatia riziki kwa kuchapa barua na kazi za wanafunzi. Alikuja kwa bodaboda, amepakata kasha la Dell OptiPlex 7040 lililofungwa kwa kanga ya mama yake, na mkononi ana kopo la Blue Band lenye prosesa yake ya zamani iliyoviringishwa karatasi laini. Baada ya shikamoo alinieleza kwamba amenunua prosesa ya i7, ameipachika mwenyewe, na tangu hapo mashine imekufa. Niliiwasha. Feni ikazunguka, taa ya kitufe ikapepesa rangi ya chungwa, kioo kikabaki cheusi. Nikaomba risiti. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Prosesa i7, moja."

Nilifungua, nikaondoa bati la kupozea, nikaanza kuifuta ile krimu nyeupe ya kupitishia joto kwa pamba yenye spiriti. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja, kwanza jina la kiwanda, kisha i7, na mwisho nambari iliyokuwa imefichwa: 8700. Hapo sikuhitaji kupima kitu kingine.

Prosesa iliyokuja na mashine hiyo, i5-6500, inakaa kwenye soketi yenye sehemu 1,151 za kugusana, na i7-8700 nayo ina sehemu 1,151. Ukiziweka zote mbili kiganjani utaona ukubwa ni mmoja, vipengo vya pembeni viko mahali palepale, na yoyote kati yake inaingia bila kulazimishwa. Lakini Intel, kiwanda kinachozitengeneza, ilipotoa kizazi cha 8 cha prosesa zake mwishoni mwa mwaka 2017 ilibadilisha kazi za baadhi ya sehemu hizo, nyingine zikaongezwa kwenye kupitisha umeme, na mazabodi (bodi kuu zinazobeba soketi na vifaa vingine) zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 6 na cha 7 haziitambui prosesa hiyo. Mazabodi ya OptiPlex 7040 ina chipseti (chipu inayoongoza mawasiliano yake) ya Q170, ambayo ni ya kizazi cha 6. Soketi ilikuwa imekubali, mazabodi ikakataa. Kijana aliporudi dukani aliambiwa kwamba bidhaa ni nzima, na kwa kweli ilikuwa nzima. Risiti inasema i7, na alichouziwa ni i7. Kwa hoja hiyo alikosa pa kushika.

Ndiyo maana nasema kununua prosesa kwa jina la i7 pekee ni sawa na kununua shati kwa kuambiwa kwamba ni kubwa, bila kuuliza kama ni kubwa la watoto au kubwa la watu wazima. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zenye habari. Katika nambari hizi za tarakimu nne za kompyuta za mezani, ya kwanza ni kizazi. Zikiwa tano, mbili za mwanzo ndizo kizazi. Hivyo i7-2600 ni ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2011, wakati i3-10100 ni ya kizazi cha 10, ya mwaka 2020. Sasa linganisha hiyo i3-10100 na i7-7700 iliyotoka miaka mitatu kabla yake: zote zina viini vinne (sehemu za ndani zinazokokotoa), zote hushughulikia kazi nane kwa pamoja, na kasi ya juu kabisa ya i3 ni gigahezi 4.3 dhidi ya 4.2 za i7. Nenda kwenye kizazi cha 8 utaikuta i5-8500 ikiwa na viini sita, wakati i7-6700 inayoitwa kubwa ina vinne. Na kwenye laputopu mambo ni mabaya zaidi, kwani i7-7500U ina viini viwili tu, japo stika inayong'aa chini ya kibodi inasema i7 vilevile.

Herufi ya mwisho nayo si pambo. Prosesa ya i7-6700T inaingia pale pale inapoingia i7-6700, lakini imetengenezwa kutumia wati 35 badala ya 65, na kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.8 badala ya 3.4, kwa sababu ilikusudiwa vikasha vidogo vya ofisini. Ni prosesa nzuri kwa kazi yake. Anayeinunua kwa bei ya ile nyingine amepunjwa. Yenye K inaruhusu kuongezwa kasi na mtumiaji, ila si kwenye mazabodi za ofisi kama hizi, kwa hiyo anayelipia K hapa analipia mlango usiofunguka. Na ukikuta prosesa imechongwa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni siri ya Intel, iache mezani kwa muuzaji. Hizo ni sampuli za majaribio ambazo hazikukusudiwa kuuzwa.

Nirudi kwa yule kijana, maana swali ambalo hakuna aliyemuuliza kabla hajatoa fedha ni hili: alijuaje kwamba tatizo lake ni prosesa?

Hapa huwa nawapa vijana mfano wa chapati. Chukulia jiko lenye watu wawili, mmoja anasukuma na mwingine yuko kwenye chuma. Prosesa ni yule anayesukuma: inakokotoa nani yuko wapi, gari linakwenda upande gani, risasi imempata nani, kisha inaikabidhi kazi hiyo kwa kadi ya grafiki, ambayo iko kwenye chuma na ndiyo inayoichora picha. Chapati zinazotoka kwa dakika haziwezi kuzidi uwezo wa yule aliye mzito kati yao. Ikiwa mpishi wa kwenye chuma amesimama mikono kiunoni akisubiri, basi msukumaji amelemewa, na kununua chuma kikubwa hakutaongeza chapati hata moja. Na ikiwa zilizosukumwa zimerundikana kwenye sinia zikingoja chuma, kumleta msukumaji hodari zaidi kutaongeza rundo tu.

Jambo hili linapimika, tena bila gharama. Fungua gemu unalolilalamikia, lifikishe mahali linapokwama, kisha ubonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itakuonyesha kadi ya grafiki inatumika kwa asilimia ngapi na prosesa kwa asilimia ngapi. Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 na kuendelea, yeye ndiye amelemewa, na prosesa mpya haitakusaidia. Kadi ikiwa kwenye 50 au 60 huku picha zikikwama, shuku prosesa. Tahadhari moja: usidanganyike na asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu gemu linaweza kukibana kiini kimoja tu, na kwenye prosesa ya viini vinne hiyo itasomeka kama asilimia 25, mtu akadhani ina nafasi tele. Badili mchoro uonyeshe kila kiini peke yake. Kipimo cha pili ni kushusha ukubwa wa picha kutoka mistari 1080 hadi 720; fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa na mzigo, na zikibaki palepale, kazi iko kwa prosesa.

Nilimrudishia i5 yake ya zamani kutoka kwenye kopo la Blue Band na tukapima pamoja. Kadi yake ilikuwa GTX 1050 Ti, ambayo kwa mashine za aina hii inafaa kwa sababu aina zake nyingi hupata umeme wote kutoka kwenye nafasi inapochomekwa kwenye mazabodi, isiyotoa zaidi ya wati 75, na pawa saplai ya kasha hilo ni ya wati 240 tu. Gemu lilikuwa GTA V. Alipoendesha gari nje ya mji, milimani, kadi ilifika asilimia 98 na picha zikatiririka vizuri. Alipoingia mjini, kwenye magari na watu wengi, viini vyote vinne vikapanda hadi 100, kadi ikashuka karibu na 55, na gari likaanza kuruka kama kanda ya zamani ya video. Tukashusha picha hadi 720. Mjini hapakubadilika kitu.

Kwa hiyo prosesa ilikuwa na hatia, lakini haikuwa peke yake. Nilipotazama joto niliona linakaribia nyuzi 100, kiwango ambacho prosesa hiyo hujipunguzia kasi ili isijiunguze. Nikalitoa bati la kupozea. Katikati ya mapezi yake vumbi lilikuwa limeshikamana kama sufi ya mto. Krimu ilikuwa imekauka na kugeuka unga, kwa sababu alipokuwa akibadilisha prosesa aliipaka mpya ile ya i7 tu, na ya i5 haikuwa imeguswa tangu mashine ilipokuwa mali ya ofisi fulani ng'ambo. Isitoshe, alikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo prosesa huifanyia kazi) ya gigabaiti 8 iliyo kwenye kipande kimoja. Prosesa hizi husoma RAM kwa njia mbili, na ukiweka kipande kimoja unaiziba njia moja, hivyo msukumaji anangoja unga kabla hata hajaanza kusukuma. Tulipopuliza vumbi, tukapaka krimu mpya na kuazima kipande cha pili cha gigabaiti 8 kutoka kwenye rafu yangu, mji ule ule wa kwenye gemu ukawa unapitika, ingawa si kwa raha. Haya yote yangegharimu sehemu ndogo tu ya fedha alizokwishatoa dukani.

Prosesa iliyomfaa ilikuwa i7-6700 ya kawaida. Ni ya kizazi kile kile cha 6, soketi ile ile, wati 65 kama i5 yake, kwa hiyo bati la kupozea na pawa saplai havikuguswa, na viini vyake vinne hushika kazi nane badala ya nne, jambo ambalo magemu ya mji wenye watu wengi hulihitaji. Ningeweza kumwambia pia kuhusu i7-7700, lakini kizazi cha 7 kwenye mazabodi za kizazi cha 6 hutegemea bayosi (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine) na ruhusa ya aliyetengeneza mashine, na anayenunua kwa fedha ya kuungaunga hapaswi kubahatisha. Orodha ya prosesa zinazokubalika kwa kila mashine ipo kwenye nyaraka za kiwanda husika, na kuisoma ni kazi ya robo saa.

Wako pia vijana walioanza upande wa AMD, mshindani wa Intel anayetengeneza prosesa za Ryzen, na hao naona wana bahati zaidi, japo mitego haikosekani. Mtu aliyenunua mazabodi ya soketi ya AM4 mwaka 2017 akiwa na Ryzen 5 1600 anaweza leo kuitoa na kuweka Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 kwenye mazabodi ile ile, mradi kiwanda cha mazabodi hiyo kimetoa bayosi inayoitambua. Bayosi hiyo iwekwe kabla prosesa ya zamani haijatolewa, maana ikishatoka hakuna tena cha kuiwashia mashine, na kazi hiyo ifanywe mashine ikiwa imechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiamke tena. Pini 1,331 za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe, si kwenye soketi. Krimu ikikauka, anayevuta bati la kupozea kwa nguvu huondoka na prosesa ikining'inia, pini zimepinda. Washa mashine ipate joto kwanza, zima, kisha zungusha bati kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Na hapo tena majina yanachezea macho: Ryzen 5 5500, 5600G na 5600 zote zina viini sita, lakini hiyo ya mwisho ina megabaiti 32 za kumbukumbu ya ndani wakati mbili za kwanza zina 16, na kwenye magemu tofauti hiyo huonekana. Kwa upande mwingine, 5600 haina grafiki ya ndani, kwa hiyo asiye na kadi akiinunua atabaki akitazama kioo cheusi. Huyo 5600G ndiyo yake.

Naomba niongeze hesabu moja ambayo wauzaji hawaigusi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inazitambua rasmi prosesa kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Mashine ya kizazi cha 6 haitazimika kwa sababu hiyo, lakini fedha ya kuiongezea iwe na mpaka. Mimi huwaambia wateja wangu kwamba kama prosesa, RAM na kadi kwa jumla vinakaribia bei ya kasha zima la mtumba lenye i5-8500, basi wauze walichonacho wachukue kasha hilo, hata kama marafiki zao watawacheka kwamba wameshuka kutoka i7 kwenda i5.

Sasa ombi langu, na ni kwa pande mbili. Kwa wauzaji wa vifaa vya mtumba, hapa Tanga na kule Kariakoo tunakonunua sote, naomba risiti iandikwe nambari yote pamoja na herufi ya mwisho, na mteja aulizwe aina ya mashine yake kabla ya kufungiwa mzigo. Haihitaji sheria mpya. Kalamu ile ile ya bluu inatosha. Kwako Mhariri, naomba ukurasa wako wa teknolojia na matangazo ya biashara mnayoyachapa yaache kutaja i5 na i7 bila kizazi, kwa sababu kijana wa kidato cha sita anayelisoma gazeti hili nyumbani kwao hana fundi pembeni wa kumfasiria.

Kuhusu ile i7-8700, haikupotea. Karani mmoja wa hapa jirani ana OptiPlex 7060 ya kizazi cha 8 yenye i5, na kwake prosesa hiyo ilikuwa ndiyo yenyewe. Kwa kuwa thamani yake sokoni ni kubwa kuliko ya i7-6700, mabadilishano yalifanyika mezani kwangu: karani akachukua 8700 na kulipa nyongeza, kijana akapata 6700 iliyokuwa kwenye rafu yangu pamoja na kile kipande cha RAM alichokuwa ameazima. Kila mmoja nilimwandikia risiti yake, nambari kwa nambari. Kijana aliisoma mara mbili kabla ya kuikunja, kisha akaniachia ile ya kwanza ya kalamu ya bluu, ambayo nimeibandika ukutani juu ya meza ya kazi.

Fundi Kompyuta,
Ngamiani, Tanga